Feni

Usiku wa leo nimefunga mlango,
nimefunga dirisha, nimeshusha na komeo,
nimewasha feni namba tatu
na kujilaza chali kama samaki wa kukaushwa
nione kama nitakufa.

Nina miaka sabini na sita.
Hapa Miryang joto la Agosti halipigi hodi,
linaingia na viatu hadi chumbani.

Mama aliniambia. Mama yake hakumwambia,
maana kwao umeme ulikuwa haujafika.
Feni ikivuma usiku kucha juu ya mtu aliyelala
humnyonya pumzi kidogo kidogo,
alfajiri mkamkuta wa baridi, mdomo wazi.
Redio ilisema. Gazeti lilisema.
Daktari wa zahanati ya sokoni, mwenye saa ya dhahabu, alisema,
na mimi Bun-rye, muuza tofu, ni nani
nibishane na saa ya dhahabu?

Nikawa mlinzi. Miaka hamsini.
Kila kiangazi, saa nane za usiku, naamka,
nanyata, nazima,
nasikiliza pua za watu wangu mojamoja, narudi.
Mume wangu alikufa Februari, theluji mlangoni,
feni ikiwa stoo, imevikwa mfuko wa plastiki.
Hilo sikuliwaza hadi juzi.

Juzi Nhung, mke wa jirani, aliyeolewa huku kutoka Vietnam,
alikuwa ananisaidia kumenya vitunguu saumu.
Nikamwonya kuhusu mtoto wake na feni.
Akacheka hadi akajifuta macho kwa kiwiko.
"Bibi, kwetu tumelala nazo tangu tuzaliwe.
Mbona tupo?"

Mbona tupo.
Neno dogo, punje ya mchele ndani ya kiatu.
Siku nne nimetembea nalo.

Kwa sababu ukivuta uzi mmoja, sweta lote linakuja.
Kama feni haiui,
ni kipi kingine nilichomeza bila kutafuna?

Mwaka wa tisini na nne, kiangazi kile cha moto,
binti yangu Eun-sil alirudi na sanduku moja.
Blauzi ya mikono mirefu. Katika joto lile.
Nilimwekea wali, nikamwekea kachumbari ya figili,
halafu nikamwambia nililoambiwa mimi:
binti akishaolewa si mtu wa nyumba hii tena,
kesho upande basi la kwanza.
Maneno yalitoka kama tofu kwenye kibati chake,
ya mraba, laini, bila ufa.
Hakubisha. Alikula wali wote.

Na usiku ule niliamka saa nane,
nikanyata hadi alipolala,
nikamzimia feni
asije akafa.
Nikarudi kitandani na moyo mweupe.

Mama simlaumu. Naye alikuwa mlinzi,
ila alionyeshwa mlango mmoja tu wa kulinda.
Wala asiseme mtu kwamba uzee umeniletea hekima.
Umeniletea usingizi mwepesi,
na mwenye usingizi mwepesi husikia mengi.

Feni inageuza kichwa kushoto, inageuza kulia,
polepole, usiku mzima,
kama mtu anayekataa jambo
na haoni haja ya kupaza sauti.

Kumekucha. Nipo.
Koo kavu, shingo imekakamaa, nipo.

Saa kumi na mbili nampigia Eun-sil, Incheon.
"Mama! Nani amekufa?"
Nilikuwa nimepanga maneno tangu saa tisa,
nimeyapanga kama vyombo kabatini.
Yote yamenikimbia.
Namwambia: nimelala na feni.

Kimya.

"Dirisha ulifungua?"

Sikufungua.

Kimya tena, kirefu zaidi,
na nyuma ya kimya hicho, huko kwake,
nasikia kitu kinavuma.